Tangazo Chini ya Ratiba ya Kwaya

Asubuhi hiyo Mama Kwaya alikuwa akishona majoho. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha, na mguu wake ulikanyaga kwa mwendo wa wimbo wa Jumapili. Kila alipofika kwenye kiitikio, kitambaa kilikimbia mno chini ya sindano. "Polepole wewe," alijikemea, "hili ni joho, si mashindano!"

Jina lake halisi watu walishalisahau. Aliongoza kwaya ya kanisa, na mdomo alikuwa nao. Tena alikuwa na kauli moja asiyochoka kuirudia: "Siasa ni tope. Mkristo akilikanyaga, anachafuka."

Binti yake aliingia akitoka kliniki. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Alijitupa kwenye kiti cha wateja, hata viatu hakuvua.

"Mama, wodi ya wazazi inafungwa mwezi ujao."

"Inafungwa? Kwa nini?"

"Mkunga anasema baraza la mji limeona wajawazito wa huku ni wachache. Tutajifungulia hospitali kuu, ng'ambo ya mto."

Mama Kwaya aliacha kukanyaga. Mimba ya kwanza ya binti huyu ilitoka. Hii ya pili walikuwa wakiilinda wote wawili, siku baada ya siku. Sasa uchungu ukianza, wavuke mto?

"Tutafunga na kuomba," alisema.

Kwaya nzima ilifunga siku tatu. Waliomba mpaka sauti zikakauka. Lakini hakuna hata mmoja aliyekwenda ofisi yoyote kuuliza neno.

Siku ya nne, jirani yake alileta suruali ipunguzwe urefu. Alikuwa karani wa baraza la mji, na Jumapili walisali kanisa moja.

"Mama, mbona maoni yenu kuhusu wodi hatujayaona?" aliuliza.

"Maoni gani tena, ndugu yangu?"

"Si tulitoa tangazo! Wananchi walete maoni, na Jumamosi hii kuna mkutano wa kuwasikiliza. Mchungaji aliniruhusu, nikalibandika mwenyewe kwenye ubao wa kanisa. Wiki ya tatu sasa."

"Ubao upi? Mimi napita pale kila siku. Hakuna kitu!"

"Basi twende tukaone."

Walikwenda, Mama Kwaya na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Ubao ulikuwa mlangoni mwa kanisa. Katikati palikuwa na ratiba ya mazoezi ya kwaya, karatasi kubwa iliyochorwa maua pembeni na kubanwa kwa pini nane. Karani alichomoa pini nne za chini, akaiinua. Chini yake kulikuwa na tangazo la baraza, na muhuri wake.

Mwandiko wa ratiba ulikuwa wa Mama Kwaya. Hata maua alichora yeye.

"Ole wangu! Nimelifunika mwenyewe!" Aliketi kwenye ngazi, aibu imemjaa. "Siku tatu tunamlilia Mungu, kumbe mlango nimeufunga mimi!"

Karani alitaka kucheka, akajizuia. "Leo Jumatano. Barua zinapokewa hadi Ijumaa. Hamjachelewa."

"Lakini siasa na mimi wapi na wapi?"

"Mama, kugombea cheo ni siasa. Kusema wanawake wajifungulie wapi nayo ni siasa, na hiyo ndiyo kumpenda jirani. Hebu niambie. Kila asubuhi unamwomba Mungu riziki. Ukishasema amina, unafanya nini?"

"Nakanyaga cherehani."

"Basi mmeomba vizuri. Sasa kanyageni!"

Mama Kwaya alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Umenipata, mwanamume wewe! Haya, nieleze tufanyeje."

"Andikeni barua. Semeni ninyi ni nani, mnataka nini na kwa nini. Kila anayekubali atie sahihi yake mwenyewe, kwa hiari. Usimtilie mtu. Mkiileta ofisini, hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri. Mkiambiwa haikufika, mnao ushahidi."

"Kuna mgombea mmoja ameahidi kutupa kitambaa cha majoho, eti tumwimbie. Barua tuipitishe kwake?"

"Kitambaa akirudishe dukani. Kanisa si tawi la chama. Kila mtu atampigia kura amtakaye. Na barua hii isiwe ya kanisa letu peke yake. Gongeni milango yote, ya Waislamu, ya wasiosali, hata ya wale mliogombana nao. Uchungu wa kuzaa haumuulizi mtu dini."

Jioni ile mazoezi hayakuwa na wimbo hata mmoja. Mama Kwaya alisimama mbele ya wanakwaya, mikono juu kama kawaida yake.

"Sauti ya kwanza, mtaa wa juu! Sauti ya pili, mtaa wa chini! Sauti ya tatu, sokoni! Sauti ya nne, nendeni gereji, na msiwatishe watu kwa hayo mangurumo yenu! Kila nyumba ulizeni pia kama kuna mjamzito anayekubali tumhesabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!"

Wee! Mtaa ulichangamka! Watu walitia sahihi kwenye meza za chai, kwenye boneti za magari, kwenye mgongo wa jirani. Mama Kwaya mwenyewe alitembea hadi hospitali kuu akitazama saa. Alitumia saa moja na robo, tena hana mimba.

Ijumaa mchana walihesabu wajawazito. Walikuwa thelathini na mmoja, binti yake akiwamo.

"Thelathini na mmoja!" Mama Kwaya aliruka. "Na wanasema wachache!"

Karani aliipokea barua, akagonga muhuri kwenye nakala yao. Mama Kwaya aliikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Jumamosi ukumbi wa baraza ulijaa. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Mtu wa kwanza alianza kwa kumtukana mwenyekiti, akanyang'anywa kipaza sauti. Mama Kwaya akaitwa. Aliogopa, yeye aliyezoea kusimama mbele ya watu.

Binti yake alimnong'oneza, "Mama, dakika tatu ni beti mbili na kiitikio tu."

Alicheka kidogo, hofu ikapungua. Akaenda mbele. Alieleza habari ya mto, ya saa moja na robo, na ya hesabu ya nyumba kwa nyumba. Hakumtukana mtu.

Mwenyekiti alivua miwani. "Mama, nani amekutuma? Ni chama gani?"

"Nimetumwa na wanawake thelathini na mmoja, mheshimiwa. Na wengine thelathini na mmoja ambao bado hawajazaliwa."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi! Mwenyekiti alijaribu kutuliza watu, naye akaishia kutabasamu. Alikiri kwamba hesabu yao ilikuwa ya zamani. Aliagiza ihesabiwe upya.

Baada ya wiki mbili tangazo jipya lilibandikwa kwenye ubao wa kanisa. Safari hii ratiba ya kwaya ilikuwa imehamishiwa pembeni kabisa, na Mama Kwaya ndiye aliyelisoma wa kwanza. Wodi haifungwi. Mkunga wa pili anaajiriwa. Alipiga vigelegele hadi mchungaji akatoka mbio akidhani kuna moto.

Kisha, alasiri moja katikati ya mazoezi, binti yake alishika kiuno. "Mama, nadhani ndiyo yenyewe."

Walifika wodini kwa dakika saba. Kwaya iliwafuata, ikajaa uani, ikaomba kimyakimya. Jua lilipokuwa linazama, mtoto alilia, tena kwa sauti! Msichana, mzima, na mama yake mzima.

Mama Kwaya alilia bila kujificha. Alimpokea mjukuu wake, akambusu kipajini, akatoka naye hadi mlangoni. Pale uani, kati ya wanakwaya, walisimama pia wanawake wengine wa mtaa, kila mmoja na tumbo lake mbele.

"Amina!" alisema, akimwinua mtoto wamwone. "Mmoja huyu. Bado thelathini!"