Peremende za Tonton Polycarpe

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumamosi moja ya Novemba 2017, mgeni alikuwa Polycarpe, kaka yake Yolande na tonton, yaani mjomba, wa bintiye, kutoka Colorado, Marekani. Kwa Yolande, hapa mtaani Saint-Gilles, Ulaya, zawadi haikai ndani ya pakiti. Hupangwa kwenye sahani, kila mtu ajichukulie. Basi Polycarpe alipotoka kidogo, Yolande alifungua sanduku la kaka yake, akamwaga peremende zote kwenye sahani mezani, akatupa pakiti. Hakusoma hata neno moja.

Saa kumi jioni, binti yake Océane, mwenye miaka minne, alisimama akitazama kona ya sebule. Kona ilikuwa tupu.

"Maman, ule mwanamuke anatembea mu ukuta."

"Mwanamuke gani?"

Océane alicheka polepole, kwa sauti ambayo mama yake hakuijua. Macho yalikuwa mekundu. Akapiga hatua mbili, akaanguka. Akabaki amelala macho wazi, akiitwa haitiki. Yolande alipiga kelele.

Mumewe, Ngoy, alichukua simu. "Bon, naita bantu ba maombi. Mutoto iko na pepo."

Jirani wa chini, Marie-Claire, muuguzi wa hospitali huko Jette, alisikia kilio akapanda mbio. Alimlaza mtoto kwa ubavu, akasikiliza pumzi.

"Alikula nini?"

"Bonbons tu, Maman Marie-Claire," Yolande alijibu, akionyesha sahani ya peremende. "Tangu deux heures, saa nane muchana."

"Pakiti yake iko wapi?"

Waliitoa kwenye pipa la taka. Ilikuwa na alama ya mshangao na herufi THC. Marie-Claire alisoma Kiingereza cha pakiti, akitafsiri kwa sauti: "Ina bangi. Weka mbali na watoto. Nguvu yake inaweza kuchelewa saa mbili au zaidi."

"Bangi? Mu bonbon?" Ngoy aliuliza.

"Kule Colorado iko halali, kwa bakubwa tu," Marie-Claire alisema. " Huku hapana. Njo maana banaandika. Papa Ngoy, muombe, sikatazi. Lakini ita cent douze kwanza! Pumzi inaweza kupunguka. Musimutapishe. Na pakiti tunaenda nayo, docteur aione."

Ngoy alitazama mtoto, akatazama simu. Akapiga 112, namba ya dharura.

Hospitalini, Océane aliongea na dari kwa saa nyingi, akinyamaza kama anayesubiri jibu. Polycarpe alikaa kando ya kitanda, akilia. Peremende zile zilikuwa zake, za maumivu ya goti. Alizichanganya na zawadi bila kumwambia mtu. Asubuhi Océane aliomba mkate, na Yolande akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wauguzi wakageuka.

Siku hizi Yolande husoma pakiti kwanza. Asichokielewa humpelekea Marie-Claire. Dawa za wakubwa zimefungiwa kabatini, juu.

Jumapili ya wiki iliyofuata mkasa ule, alisimama kanisani kutoa ushuhuda, Océane akiwa ameshika sketi yake.

"Tulisema mutoto iko na pepo. Hapana. Ni miye nilimuwekea bangi mu sahani, sikusoma."

Wanawake watatu walitoka kabla ya sadaka, wakakimbilia nyumbani kuangalia makabati yao.