Hitima ya Shangazi Waridi

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, ubani ulinukia upande wa pili wa ukuta mpya, na upande ule haukuwa na mtu. Mlango ulikuwa na kufuli, ufunguo mfukoni mwa Faradji. Mkewe, Latifa, akamwuliza kama wapangaji wamekwisha kuhamia. Akasema bado, kisha akatoka nje haraka, hata viatu hakuvaa.

Alikuwa na la kukimbia. Nyumba ile, mjini Kasongo, marehemu baba yake aliwaachia wawili, yeye na shangazi yake Waridi, aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Faradji alitaka kuigawa iwe ya familia mbili. Grégoire, karani wa ofisi ya ujenzi, alimwambia kibali hakitoki mpaka kila mwenye haki atie sahihi, na Waridi alikataa katakata. Chumba cha katikati kina mwenyewe, asiye binadamu, alisema. Yeye humfukizia ubani kila Alhamisi ili atulie, na wakikikata kwa ukuta atatafuta pengine pa kukaa.

Basi Faradji akafanya hila. Alimpandisha shangazi yake pikipiki akasalimie jamaa kijijini Wamaza, kusikofika simu, na wiki tatu baadaye akatangaza kwamba amefariki na kuzikwa hukohuko. Hitima ikasomwa, wali ukaliwa, majirani watatu wakashuhudia kwa sahihi zao. Grégoire naye alikula, akampa pole kwa heshima, akagonga mhuri, na ukuta ukajengwa katikati ya chumba kile. Faradji alijiambia kwamba ukuta ukikauka atamfuata mzee na kumwomba radhi, kwani Waridi hajawahi kumnyima kitu. Aibu ilimshika hata kabla wageni hawajanawa mikono.

Alhamisi ya pili, ubani ulikuja na kikohozi kikavu, mara mbili, kama cha Waridi. Alhamisi ya tatu Faradji alisikia ndara zikiburuzwa sakafuni, na mkeka ukikung'utwa, na kikohozi kikisogea mpaka kwenye ukuta penyewe, kisha sauti ikamwita Fafa, jina la utotoni ambalo alilitumia mtu mmoja tu duniani, ikamwomba maji kama Waridi alivyoyaomba kila alasiri, naye akachota kikombe na kufika mlangoni kabla hajakumbuka kwamba shangazi yake yuko Wamaza, mzima, au alikuwa mzima alipomwacha. Maji yakammwagikia miguuni.

Kesho yake pikipiki ikasimama uani. Waridi akashuka, amekonda, vumbi mpaka kwenye kope. Jirani aliyekuwa akitwanga alitupa mchi akakimbilia ndani. Faradji akapiga magoti akamweleza yote, na hakuficha hata wali.

"Mulinisomea hitima," Waridi akasema polepole, "na miye niko natafuna mihogo Wamaza?"

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe, Fafa. Lakini iko nani kule?"

Nyuma ya ukuta kikohozi kikajibu, mara mbili.

"Ulimunyima chumba, ukamupa jina langu," akanong'ona. "Lete ufunguo. Nitaongea naye, tunajuana."

Faradji alijua kwamba hapo ndipo pa kusema hapana. Lakini mtu aliyekwisha kumzika mzee wake kwa mdomo atamzuia kwa mdomo gani? Akautoa ufunguo. Waridi akaingia na chetezo chake, akaurudishia mlango nyuma yake.

Faradji na Latifa walisikia vikohozi viwili vikipokezana, kisha mnong'ono wa watu wawili wenye sauti moja, uliokwenda na kwenda mpaka jua likashuka nyuma ya paa. Kisha kimya. Kisha kikohozi kimoja tu.

"Fafa," sauti ikaita. "Mwanangu, maji."

Faradji akachukua kikombe. Latifa akamshika mkono.

"Usifungue."

"Ni shangazi yangu."

"Unajuaje?"

Akabaki amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Sauti ikaomba tena, kwa upole uleule wa miaka yote, naye hakuwa na wa kumwuliza, maana mtu wa kwanza kusema Waridi amekufa alikuwa yeye.