Wadudu wa Abdulhalim

Mapokezi ya hospitali asubuhi ya Jumatatu hayana adabu. Watu wanakanyagana, ukiitwa husikii, na Abdulhalim, muuza vipuri vya pikipiki pale Engutoto, alikuwa ameegemea magongo, amenuna tangu saa moja. Mfupa wa paja aliouvunja kwenye ajali ya bodaboda uliunga kombo. Ulitakiwa uvunjwe upya na kufungwa chuma. Mara akatokea muuguzi mwenye hijabu ya buluu na sweta zito la kuzuia baridi ya Julai, mkononi kijiti chenye pamba.

"Inua kichwa. Nachukua kipimo puani."

"Dada, kinachouma ni mguu."

"Na mdomo naona mzima kabisa."

Akamchokonoa pua mpaka machozi yakamtoka. Jina lake Najat. Abdulhalim akamchukia hapohapo, akaomba namba yake ya simu ili, alisema, amshtaki. Akapewa. Kwa siku kumi walipigiana simu kila asubuhi, wala hawakushtakiana chochote.

"Umeamkaje, mkorofi wangu?"

"Pua inauma. Njoo uipulize."

"Washa feni, mpenzi."

Hata ile Ijumaa, Najat alipopiga, Abdulhalim alikuwa anatabasamu. Mikono ilijaa grisi, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Halim, majibu yametoka. Umekutwa na wadudu. Njoo uanze dawa." Akakata, wagonjwa walikuwa wamejaa.

Kisomo chote kile, na mdomo haujui lugha ya mtaa. Kwetu mtu akisemwa ana wadudu, ni ukimwi, hakuna anayeuliza wadudu gani. Meshack, mchomea vyuma wa jirani, alisikia. Wateja wawili walisikia. Kufika adhuhuri Meshack hakutaka tena kunywa naye chai, kana kwamba ukimwi unaambukizwa kwa kikombe. Wajinga wale. Na Abdulhalim mwenyewe, ambaye hospitalini alitolewa damu pia, aliamini. Akaizuia namba ya Najat, akajifungia dukani na ghadhabu zake.

Operesheni ilikuwa imepangwa Alhamisi inayofuata. Jumamosi asubuhi Najat akafika dukani mwenyewe.

"Mbona sikupati?"

"Unipate uniambie nini tena? Umenitangaza nina ukimwi. Mama hajala tangu jana."

"Nani kasema ukimwi?"

"Wewe. Wadudu."

"Wa puani, Halim. Bakteria. Watu wengi wanao na wala hawaumwi. Ila ukipasuliwa wakaingia kwenye kidonda, wanaganda kwenye chuma, mfupa unaoza. Ndiyo maana tunawaua kabla. Marhamu hii puani asubuhi na jioni, na sabuni ya dawa ya kuogea, siku tano. Usipoanza leo, Alhamisi hupasuliwi, na daktari bingwa harudi mpaka mwakani."

"Kusema 'puani' kungekugharimu nini?"

"Nilikuwa na haraka. Nimekosa, nisamehe."

"Sikusamehe. Toka dukani kwangu. Nitachechemea mpaka naingia kaburini."

Mwingine angelia akaondoka. Najat alikunja mikono ya sweta.

"Nikawaambie hao wa nje ukweli, au nisiwaambie?"

"Si ulishawaambia. Malizia."

Akatoka barazani, akamwita Meshack na waliokaa kwake. Akawaeleza neno kwa neno, bila kucheka. "Wiki hii tumepimwa wauguzi wote. Hao wadudu wake, na mimi ninao." Akatoa marhamu yake mwenyewe kwenye pochi, akajipaka puani mbele yao. "Nani mwingine anataka kupimwa?"

Hakuna aliyetaka. Meshack akainamisha macho, akasema, "Halim, nimekukosea, ndugu yangu." Abdulhalim akampa mgongo, na Meshack alistahili.

Akanawa mikono kwa sabuni, akaipokea tyubu ya marhamu aliyoletewa, akajipaka tundu moja, akakunja uso.

"Inawasha."

"Vumilia. Tundu la pili."

Akapaka. Kisha akamtazama kwa hasira ambayo ilikuwa imeanza kukosa pa kukaa.

"Umeniharibia, Najat. Mtaa wote umeshasikia. Sasa nani atakubali kuolewa na mimi?"

"Mwenye wadudu mwenzako," Najat akasema. "Ila pona kwanza, ndipo ulete posa."