Alama Iliyoitwa Doa

Kifufuzi kilipowashwa hakikupiga kelele. Kilishusha pumzi tu, kama ng'ombe aliyeshiba, halafu mwanga wa manjano ukateremka juu ya kitanda cha kioo na kuanza kulamba kurasa za Biblia kuukuu, ukurasa kwa ukurasa. Kando yake alisimama Nyamizi, binti wa miaka ishirini na miwili, amevaa glavu nyeupe, akifunua. Mashine ile ilijua lugha mia tatu, lakini haikujua kufunua karatasi iliyochakaa bila kuichana. Kazi hiyo ilimtaka mtu asiye na haraka, na Nyamizi tangu utoto hakuwa na haraka.

Hapo ni Mwanza, katika Jumba la Nasaba, jengo lililosimamishwa juu ya majabali kana kwamba majabali yenyewe yameota madirisha. Ukitazama ng'ambo, unaiona minara ya bandari ya anga ya Ukerewe. Kila baada ya miezi ishirini na sita, dunia na Mirihi zinapokaribiana, chombo huinuka pale na watu mia nne. Safari ni miezi minane.

Kazi ya kifufuzi si kufufua wafu, ingawa jina lake linadanganya. Hupewa barua, vitabu vya ndoa, orodha za abiria, hata uzi wa nguo. Vyote hivyo huvichanganya, kikapiga hesabu mwenye vitu hivyo alikuwa nani na angesema nini, kisha kikamsimamisha mbele yako kwa mwanga. Umbo hilo huitwa taswirahai. Litakujibu kwa lugha yako, hata likikohoa litakohoa kwa adabu.

"Dada," Nyamizi aliuliza akiendelea kufunua, "Staufa ni jina la Wakuria wa wapi?"

Mteja wake alicheka. Aliitwa Ghati Staufa, mwanamke mrefu wa Tarime, mwalimu wa hesabu. "Wakuria wa Pensilvania, mdogo wangu. Huko Amerika. Babu wa babu yangu alikuja kufundisha useremala Shirati, akamwona binti wa Kikuria, akasahau njia ya kurudi. Na kwao huko Amerika walikuwa wamehamia tu. Asili yao ni Ujerumani, kando ya mto Raini."

"Kumbe ukoo wenu haukai."

"Na ninyi Wasukuma mnakaa mnauliza maswali mpaka ng'ombe wanarudi zizini wenyewe."

Nyuma yao mtoto wa Ghati, Nyangi, miaka mitano, alikuwa amempanda mgongoni roboti wa usafi na kumwamuru apige deki huku akikimbia. Roboti alitii. Kila baada ya muda mtoto alisimama kukohoa, kikohozi chembamba cha kifua kisicho imara, halafu akaendelea na ubabe wake.

Ghati alimtazama, kicheko kikamkauka. Baba yake Nyangi alikuwa Mirihi mwaka wa pili sasa, akipanda mboga ndani ya nyumba za kioo. Nafasi mbili zilikuwa zimewekwa kwa ajili yao katika chombo kinachofuata, na mwisho wa kusaini ulikuwa leo jioni. Daktari mmoja alisema mtoto atahimili. Mwingine alisema hajui. Ndipo Ghati akakumbuka Biblia hii ya ukoo aliyoachiwa na bibi yake, yenye harufu ya sabuni na moshi, na ile hadithi ya bibi kwamba mama wa ukoo wao aliwahi kuvuka bahari na kabinti kadogo kumfuata mumewe kwenye nchi asiyoijua.

"Nataka nimwulize yeye," alisema. "Maana yeye alishafika."

Mwanga ulikusanyika, ukawa mwanamke. Alikuwa mfupi, kifua kipana, kitambaa cheupe kichwani, aproni ya kitani, mikono imevimba viungo. Magdalena Staufa, aliyeingia Filadelfia kwa merikebu mwaka 1738.

"Shikamoo, bibi," Ghati alisema, kisha akaona haya, kwa sababu alikuwa akiamkia taa.

"Marahaba, mwanangu."

Akaanza kusimulia. Nyumba ya magogo aliyoijenga mumewe Hanzi msituni, nyufa zimezibwa kwa udongo na majani makavu. Chemchemi iliyokuwa baridi hata wakati wa mavuno. Mtungi wa kabichi ya chumvi nyuma ya mlango, mikate ya shayiri, na namna majira ya majani kupukutika yalivyoligeuza pori lote kuwa jekundu, akadhani mwanzoni kuna moto, akatoka na ndoo. Nyamizi, ambaye hajawahi kuona majira hayo, alijikuta anaukumbuka msitu huo kana kwamba alizaliwa humo. Harufu ya pamba mbichi ya kwao Magu ilimjia puani. Mashine ilikuwa na uchawi huo.

"Bibi," Ghati akauliza, sauti imeshuka, "ile safari. Na mtoto. Mlifika wote?"

"Tulifika wote. Barbara wangu alishuka merikebuni ameshika sketi yangu. Akakua, akaolewa, nikacheza harusini kwake."

Ghati alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, alikuwa anacheka na machozi. "Basi! Nyangi, shuka kwenye huyo mtu, tunakwenda kwa baba!" Injinia Masatu, mkuu wa chumba kile, akaja kumpa mkono na kumwomba asubiri kwenye sebule ya wageni, apate chai wakati nakala yake ikiandaliwa.

Nyamizi alibaki kusafisha kapu la marudio. Humo kifufuzi hutupa kila kinachokiona hakifai: neno lililoandikwa mara mbili, doa, kosa la mwandishi. Wengine hulifuta kwa kubonyeza tu. Yeye hulipitia, kama mtu achaguaye mchele.

Siku hiyo kulikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, mstari kutoka orodha ya watoto ndani ya Biblia: Barbara, 1742. Mashine iliandika pembeni: *jina limerudiwa, mwandishi amekosea*. Cha pili, kitabu cha ndoa cha mwaka 1760, bibi harusi Barbara, miaka kumi na minane. *Umri umekosewa.* Cha tatu kilikuwa alama ndogo kando ya Barbara wa juu kabisa, yule wa 1734. *Doa la wino.*

Nyamizi alihesabu kwa vidole. Mtoto wa 1734 alipanda merikebu ana miaka minne. Mwaka 1760 angekuwa na ishirini na sita. Msichana hapungui umri akikaribia harusi, labda wa siku hizi. Akaikuza ile alama mpaka ikajaa kioo. Doa halina mikono minne. Ulikuwa msalaba.

Hakuhitaji darasa la saba kuelewa. Yeye mwenyewe alikuwa Nyamizi wa pili. Wa kwanza alikufa kwa surua kabla yeye hajazaliwa, na mama yake akasema jina haliwezi kulala njaa, lazima lipate wa kulibeba.

"Injinia," aliita. "Hapa kuna watoto wawili. Wa kwanza alikufa. Wakampa jina lake aliyefuata."

Masatu alitazama, akakuna kidevu. "Nani humpa mtoto jina la marehemu ndugu yake?"

"Kwetu wanatoa. Mimi nimepewa. Na hawa nao walikuwa wanatoa, mstari si huu hapa?"

"Waliofundisha mashine hawakuwa na desturi hiyo," Masatu alisema polepole. Halafu akashusha sauti. "Nyamizi, yule mama ametoka hapa na furaha. Wafu ni wa miaka mia tatu na zaidi. Unataka kumwua nani tena?"

"Aliuliza swali, Injinia. Tumempa jibu la uongo."

Masatu alitoa mfukoni ufunguo wa kuzima kanuni za mashine, akauweka mezani, akageuka dirishani.

Nyamizi alikwenda sebuleni akapiga magoti mbele ya kiti cha Ghati, kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Dada, njoo. Mashine imekosea."

Safari hii walizima kanuni ya marudio, ile inayotupa kapuni kila kinachojirudia, na kuirudisha Biblia chini ya mwanga. Karibu na msalaba palikuwa na maandishi membamba kama miguu ya sisimizi, yaliyofifia. Kifufuzi kiliyasoma kwa sauti yake kavu:

"Baharini, juma la tisa. Aliomba maji hadi mwisho."

Magdalena akasimama tena, aproni ileile, mikono ileile. Ghati hakumwamkia.

"Mlifika wote?"

Taswirahai haikujibu. Kiooni yakatokea maneno: *Maandishi hayatoshi. Yaliyopo ni ya mume. Mke hakujua kuandika.* Yale ya sketi, yale ya kucheza harusini, yote ilikuwa ni mashine iliyojazia mahali ambapo mwanamke hakuacha neno. Umbo likabaki limesimama kimya, na ukimya ule ndio uliokuwa wa kwake kweli.

Ghati akamgeukia Nyamizi, "Mdogo wangu, ukiwa na jina la marehemu inakuwaje?"

Nyamizi alifikiri. Hakutaka kusema neno lisilo lake. "Mama alikuwa ananipenda, dada, sina la kulalamika. Ila kila aliponiita nikaja, alikuwa anatazama nyuma yangu kidogo. Kama vile kuna mwingine bado yuko njiani."

Kule sebuleni Nyangi alikohoa, akacheka, akamtukana roboti.

Ghati alitoa simu yake ya anga. Hakuenda kusaini. Alisema maneno machache, pole pole, kama anayewaamuru wanafunzi waandike: "Baba Nyangi, hatuji. Chombo ambacho kingetuleta sisi ndicho kitakachokurudisha wewe. Rudi." Akamsimulia habari ya msalaba, basi.

Siku hiyo sauti ilihitaji dakika kumi na nne kufika Mirihi, na kumi na nne kurudi. Masatu alileta viti. Nyamizi alichukua kapu la marudio, akautoa ule mstari wa Barbara wa 1742, akaurudisha mahali pake kwenye orodha ya watoto wa Magdalena. Hesabu ya watoto ikapanda kutoka sita hadi saba.

Jibu likaja. Sauti ya mwanamume aliyekuwa mbali mno, pumzi zake zikisikika.

"Yule Barbara wa kwanza alikuwa na miaka mingapi?"

Ghati akamwita Nyangi kutoka sebuleni, akamvuta mapajani, akakisogeza kifaa mdomoni.

"Minne," alisema, wakaanza kungoja upya.