Masizi kwenye Mashuka

Dereva wa katapila alirudi kutoka msibani, akapanda kwenye kabini, akatazama geji ya mafuta, akashuka polepole kama mtu aliyemkuta nyoka kitini. Wiki nzima mashine ilikuwa imeegeshwa nyuma ya lundo la udongo. Tangi aliloliacha limejaa lilikuwa limepungua lita hamsini, madumu mawili na nusu.

Kufika saa nne asubuhi, fomeni alikwishampata mwizi.

"Usiku anabaki nani na mashine? Mlinzi," alitangaza mbele ya mafundi wote. "Polisi nimeshawapigia. Mchana wanamchukua."

Mlinzi, mzee aliyekuwa amekesha langoni na sasa alitaka kwenda kwake kulala, aliketi juu ya tofali, kofia mkononi.

Mama Moshi alifika wakati huo. Jina alipewa na mafundi, maana kazi yake ilikuwa kukadiria mashine za ujenzi zinakunywa dizeli kiasi gani na zinatema moshi kiasi gani. Hakununa, maisha yalishamwita majina mabaya zaidi.

"Shikamoo, mzee. Umeiba?"

"Marahaba, mwanangu. Sijaiba."

"Basi kunywa chai, usilale kwanza."

Akamgeukia dereva. "Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja ninao, wa akiba uko ofisini kwa fomeni."

"Na wewe hukupita hapa kimyakimya?"

"Mama, nilikuwa namzika baba mdogo. Waulize shangazi zangu, kila mmoja alinituma maji."

Fomeni aliwafuata, sweta limefungwa kiunoni, ilhali jua lilikuwa linaunguza mabati.

"Una homa, bosi?"

"Asubuhi kulikuwa na baridi."

Hakuna mwingine aliyeikumbuka baridi hiyo.

Mama Moshi aliingiza kidole kwenye bomba la moshi la katapila. Kilitoka cheusi, kinateleza kama kimepakwa grisi. Akachungulia ndani ya kabini: kiti kilikuwa kimelazwa hadi mwisho. Kisha akaenda ukutani, ambako kwa ng'ambo jirani alikuwa anaanika nguo.

"Dada, za kazi?"

"Kazi gani, na nyinyi mnanirudisha kwenye beseni? Mkichimba naletewa vumbi, nakung'uta linaisha. Wiki hii ni madoa ya mafuta. Tazama mashuka."

"Yanaingia saa ngapi?"

"Mchana, baada ya watu kula. Mashine yenu ya zege ikianza kupiga kelele, na madoa hayo."

Mama Moshi aliwakusanya watatu wale kando ya katapila.

"Mzee hahusiki," alisema. "Dizeli ya kuibwa huondoka ikiwa ndani ya dumu, haiachi masizi. Hii imeungua hapahapa."

"Mashine haijachimba hata shimo la panya," fomeni alisema.

"Ndiyo maana. Injini ikichimba, masizi yake huwa makavu. Ikinguruma bure haichomi mafuta sawasawa, inatema haya ya utelezi. Na hii, ikinguruma bure kwa muda wa saa nne, inamaliza dumu. Madumu mawili na nusu ni muda wa saa kumi: yaani saa mbili nzima kila mchana, siku tano za kazi. Mchana mzee yuko kwake, dereva yuko msibani, mashine ya zege inafunika mlio. Ufunguo wa akiba unao wewe. Sasa mtu awashe katapila asichimbe, anatafuta nini? Kiyoyozi cha kabini, bosi, alale kwenye kiti kilicholazwa. Na mwenye sweta kwenye jua hili ni mmoja."

Fomeni alilitazama sweta lake kana kwamba ndilo lililomsaliti.

"Nyumbani kuna mapacha," alisema mwishowe. "Wanaota meno. Sijalala usiku mmoja mzima tangu wazaliwe. Nilipomwona dereva akiitazama geji, nikajua kibarua changu kinaota nyasi."

"Ukaona kiote changu," mzee alisema.

Fomeni alitoa simu, akawaambia polisi wasije.

"Bado," mzee alisema. "Uliniita mwizi mbele ya mafundi."

Mama Moshi akaashiria mashine ya zege izimwe. Ilipokohoa na kunyamaza, mafundi wakageuka.

"Mzee si mwizi," fomeni alisema. "Dizeli nimeimaliza mimi."

Mzee alivaa kofia yake, akaiweka sawa. "Rudia. Kuna mama ng'ambo ya ukuta hajasikia."

"Nimesikia," sauti ilijibu kutoka ng'ambo. "Ila arudie tu. Halafu aje achukue mashuka akayafue."