Ovaroli za Mume Wangu

Kofi la mama mkwe lilinikuta nimeinama, sufuria ya uji mkononi... PAAA!

"Mchawi wewe! Umemlisha nini mwanangu?!"

Jamani, mimi! Na mimba yangu ya miezi saba!

Mume wangu alikuwa amejikunja kitandani, tumbo linamsokota. Mkono wa kulia umelegea, hata kijiko haushiki. Kazi yake ni kuyeyusha risasi, yale madini yanayowekwa kwenye betri za magari.

Tukamkokota hadi hospitali. Njia nzima mama mkwe ananitukana, mpaka dereva wa teksi akaongeza sauti ya redio.

Majibu yakatoka.

"Damu yake imejaa risasi," daktari akasema. "Kazini anavaa barakoa?"

"Tunapewa siku wakaguzi wakija," mume wangu akajibu.

"Unaoga kabla ya kurudi nyumbani?"

Akacheka kinyonge. "Bafu limegeuzwa stoo, daktari. Limejaa betri mbovu."

Mama mkwe akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba! Nikamkata jicho. Haya, mchawi ni nani sasa? Moyoni nilikuwa napiga vigelegele...

Daktari akanigeukia.

"Ovaroli zake anafua nani?"

"Mimi. Nazikung'uta vumbi kwanza, halafu nafua kwa mkono."

"Tangu lini?"

"Tangu nimeolewa."

Akachukua sindano. Alinifunga mpira mkononi, akavuta damu.

Wapendwa, sumu ile ilikuwa imeniingia na mimi! Na ya mama, daktari alisema, inapita mpaka kwa mtoto tumboni.

"Iliyokwisha kupita hatuwezi kuirudisha," akasema.

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Wiki iliyofuata mume wangu akarudi kazini. Nimzuie, tule nini? Kwa kuwa mkono haushiki, msimamizi alimhamishia kwenye kufagia. Kufagia vumbi lile lile!

Jioni alivua ovaroli mlangoni. Nikainama kuiokota, mazoea yana tabu.

"Acha!" Mama mkwe alinisukuma pembeni, akaibeba yeye. "Nitafua mimi, mwanangu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

Nilijua inamfanya nini anayeifua. Sikumzuia, jamani... sikumzuia!

Nyinyi mnaosoma, nguo ya kiwandani iishie kiwandani. Kama bafu limefungwa, pigeni kelele lifunguliwe, kabla hamjafika mahali pa kuchagua ni nani nyumbani kwenu aumie.