Tumbo la Rahima na Jicho Langu la Mizani

Ndugu zangu wa humu, haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata ya ncha ya kidole, mikorosho yangu yote isitoe ua mwaka huu.

Mkwe wangu Mahmudu alimshusha binti yangu Rahima kwenye bodaboda, mlangoni kwangu hapa Masasi. Mjamzito, na ndoo ya nguo.

"Shikamoo baba. Nimekurudishia mwanao."

Sikuitikia. Mtu wa hivyo unamwitikia nini?

"Nimerudi kutoka kibarua cha Mkunya miezi sita iliyopita. Tumbo hili lina miezi tisa. Hesabu mwenyewe."

Nikamtazama kuanzia kandambili hadi kofia. Mwanaume anayepanda muhogo kichwa chini, leo bingwa wa mimba...

Rahima hakulia. Alisema tu, "Baba, napumua kwa shida."

Hospitali wakampiga utrasaundi.

"Mimba ni ya miezi sita," daktari akasema. "Ila kuna uvimbe kwenye kondo la nyuma. Si saratani, lakini ni mkubwa. Ndio unaojaza maji tumboni. Mtoto anaweza kupungukiwa damu, au kuzaliwa kabla ya wakati."

Akalazwa. Wiki sita baadaye uchungu ukamshika. Mtoto wa kike akatoka mdogo kama kiganja cha mkulima, lakini analia.

Rahima damu haikukatika.

Nesi Upendo akatoka mbio. "Ndugu wa Rahima, tunahitaji damu sasa hivi."

Mahmudu, aliyekuja mbio aliposikia majibu ya daktari, alikuwa amesimama pale kama gunia tupu. Nikamgeukia.

"Umeona? Nani alikufundisha kupima mimba kwa macho, wewe?"

Akainamisha kichwa.

"Wewe, baba."

Akainua kichwa.

"Siku ya mahari ulituambia, miaka thelathini kwenye mizani ya ghala la korosho. Gunia unaliangalia tu unajua kilo, tumbo unaliangalia tu unajua miezi. Hujakosea hata wiki."

Jamani, nilisema. Na hilo gunia lenyewe sijawahi kulipatia.

Upendo akanikazia macho. "Haya babu mwenye mizani. Nani anaanza?"

Sindano naiogopa kuliko chui. Nikakunja mkono wa shati.

Kitanda cha pili Mahmudu naye kanyoosha mkono.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. Ilichelewa wiki sita.

Rahima yupo, ananyonyesha, na hasemi na yeyote kati yetu.

Tumbo likizidi miezi yake, mpelekeni mama akapimwe. Msimtafutie mwanaume mwingine, wala msiniite mimi na jicho langu.